Milango Miwili ya Tara: Brian Boru Alijenga au Alibomoa?

Lawama ni ya zamani na imezoeleka: Waayalandi walimezwa na Waingereza kwa sababu wafalme wao hawakuelewana. Kisiwa kidogo, wafalme tele, kila mmoja anamvizia mwenzake, mpaka mmoja wao akawaita wageni waliovaa chuma, wakashuka pwani mwaka 1169 na hawakuondoka tena. Katikati ya hadithi hiyo anawekwa shujaa mmoja, Brian Boru, ambaye inasemwa angeiunganisha nchi nzima kama asingeuawa pale Clontarf siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1014. Nimeisoma hadithi hii kwa sura nyingi, na kila mara naona imewekwa miguu juu kichwa chini. Ushindani wa koo ndio ulioushikilia ufalme mkuu wa Ayalandi kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Aliyeikata kamba ni huyo huyo Brian anayesifiwa.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Ukisema mfalme, msikilizaji anaona jumba, walinzi na hazina. Neno la Kiayalandi ni rí, na rí wa kawaida alitawala túath, yaani jamii moja na mashamba yake, eneo ambalo mtu mwenye farasi angelivuka kabla jua halijachwa. Kisiwa kizima ni kama theluthi ya Uganda, na wanahistoria hukadiria kwamba ndani yake zilikuwapo túath zipatazo 150 kwa wakati mmoja. Kwa kipimo cha pwani yetu, huyu ni jumbe zaidi kuliko sultani. Kitabu cha sheria kiitwacho Críth Gablach, kilichoandikwa yapata mwaka 700, kinampangia hata wiki yake. Jumapili ni ya kunywa pombe na watu wake, kwa kuwa mtawala asiyewanywesha watu Jumapili si mtawala wa haki. Jumatatu anasikiliza mashauri, Jumanne anacheza mchezo wa ubao uitwao fidchell, Jumatano anatazama mbwa wakiwinda, Alhamisi ni ya mke wake, Ijumaa ni mbio za farasi, na Jumamosi anarudi kwenye hukumu. Fidia ya heshima yake, yaani kiasi anachodai akivunjiwa adabu, ilikuwa cumal saba. Cumal maana yake ni kijakazi, lakini katika hesabu ilikuwa kipimo cha thamani, mara nyingi sawa na ng'ombe watatu wa maziwa. Ng'ombe ishirini na mmoja, basi: huyo ndiye mfalme.

Juu ya huyu alikuwapo mfalme aliyetiiwa na wafalme wachache, na juu ya huyo mfalme wa jimbo: Munster kusini, Leinster mashariki, Connacht magharibi, Ulaid kaskazini mashariki. Hapo ngazi inakwisha. Mwanasheria wa mwaka 700, aliyehesabu hadi idadi ya vyombo vilivyopaswa kuwamo katika nyumba ya mkulima, hana cheo cha mfalme wa Ayalandi yote. Kama cheo kingekuwapo, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukitajia bei.

Kilichokuwapo ni Tara. Tara ni kilima cha nyasi katika wilaya ya Meath ya leo, si kirefu, lakini ukisimama juu unaona tambarare pande zote. Hakuna mfalme wa zama hizo aliyekaa pale. Wafalme wa Tara waliishi kwenye maboma ya udongo na kwenye visiwa vidogo vilivyojengwa ndani ya maziwa, huku kilima kikiachiwa ng'ombe na mizimu. Kichuguu kimoja pale juu kinaitwa Kilima cha Mateka, na kwa jina hilo utadhani ni gereza la wafalme, kumbe ni kaburi lenye umri wa miaka 5,000 hivi, lililojengwa na watu ambao hata lugha yao hatuijui. Wafalme walikuta kilima chenye utakatifu tayari wakakitwaa. Mtu aliyeitwa mfalme wa Tara hakupata ardhi yenye rutuba kuliko wenzake wala kodi ya nchi nzima. Alipata jina, na jina lilikuwa na uzito kuliko mifugo.

Uzito huo ulitoka zama za kabla ya Ukristo. Mfalme wa Tara aliaminika kuiposa nchi yenyewe katika karamu iliyoitwa feis. Ya mwisho kutajwa ilifanyika karibu mwaka 560, chini ya Diarmait mac Cerbaill, na baada ya hapo kanisa halikutaka tena kusikia harusi ya mtu na ardhi. Lakini masharti ya bwana harusi yalibaki, na mojawapo lilikuwa kwamba asiwe na kilema. Katika kitabu cha sheria kinachohusu nyuki, ndiyo, nyuki wana kitabu chao kizima, imeandikwa kesi ya Congal Cáech wa Ulaid. Cáech maana yake chongo. Kitabu kinasema nyuki walimtoboa jicho, na kwamba alikuwa mfalme wa Tara mpaka jambo hilo lilipomwondoa kwenye ufalme. Mtu aliyeshinda vita na mahasimu akaangushwa na mdudu aliyetoka kwenye mzinga! Congal hakukubali kulala chini. Mwaka 637 aliuawa vitani Mag Rath akipigana na Domnall mac Áedo wa ukoo wa Cenél Conaill, na Domnall alipofariki mwaka 642 watawa wakamwandika kwa Kilatini kuwa mfalme wa Ayalandi.

Hapo ndipo tunapowaona wale ambao kwa maoni yangu ndio waliokitengeneza cheo: watu wa kalamu. Kulikuwa na ukoo mmoja uliotanda kaskazini na katikati ya kisiwa, Uí Néill, wazao wa Niall wa Mateka Tisa, mtu wa karne ya 5 ambaye anajulikana zaidi kwa wajukuu zake kuliko kwa matendo yake. Mtakatifu Columba, aliyejenga monasteri ya Iona, alikuwa kilembwe wa huyo Niall. Abati wa tisa wa Iona, Adomnán, naye wa ukoo uleule, aliandika karibu mwaka 700 kwamba Diarmait mac Cerbaill alikuwa ametawazwa na Mungu kuwa mtawala wa Ayalandi nzima. Angalieni tarehe. Ni wakati uleule ambapo mwanasheria anasema cheo hicho hakipo. Mmoja anaandika yaliyopo, mwingine anaandika yale ambayo jamaa zake wanayataka. Baada ya karne chache, orodha ndefu za wafalme wakuu zilikuwa zimeshonwa kurudi nyuma mpaka nyakati za Gharika, na kila aliyetaka kiti alijua aanzie wapi: kwanza tafuta mwanazuoni wa nasaba.

Sasa Uí Néill wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Walikuwa na milango minne mikubwa. Kaskazini kulikuwa na Cenél Conaill na Cenél nEógain, hawa wa pili wakiwa na ngome yao Ailech. Kusini, kwenye tambarare ya kati, kulikuwa na Clann Cholmáin wa Mide na Síl nÁedo Sláine wa Brega. Katika karne ya 7 wote wanne walikuwa wakiligombania jina la Tara, na kugombania ni kweli kugombania. Kwa kawaida aliyeweza kusimama ni yule ambaye baba, babu au baba wa babu yake alipata kutawala. Wafalme walikuwa na wake kadhaa na masuria juu, na watoto wote wangeweza kuhesabiwa, kwa hiyo kila kizazi kilimwaga uwanjani kundi la baba wadogo, wana wa ndugu na mabinamu wenye hoja halali na upanga mkononi. Ukikosa wewe, na akakosa mwanao na mjukuu wako, uzao wako umekwisha kuwa watu wa kawaida. Hofu hiyo ya kushuka daraja ndiyo iliyowaua wengi kuliko tamaa.

Kisha mwaka 734 jambo la ajabu linaanza. Mfalme wa Cenél Conaill anaondolewa, anaingia Áed Allán wa Cenél nEógain. Mwaka 743 Áed anauawa vitani na Domnall wa Clann Cholmáin, anayekaa miaka ishirini. Baada ya Domnall anakuja mtu wa Cenél nEógain. Baada yake mtu wa Clann Cholmáin. Halafu Cenél nEógain tena, halafu Clann Cholmáin, na mwendo unakuwa huo huo, kaskazini na kusini, kaskazini na kusini, mpaka mwaka 1002. Mara moja tu katika miaka hiyo yote, kati ya 944 na 956, mtu wa mlango mwingine alipenya: Congalach wa Síl nÁedo Sláine. Milango miwili imepokezana kijiti kwa miaka 268, bila katiba, bila baraza la uchaguzi, bila hata kipande cha karatasi kinachosema zamu ni ya nani. Nitajieni ufalme mwingine wa Ulaya wa wakati huo uliorithiwa kwa utaratibu unaotabirika kiasi hicho.

Najua jibu litakalokuja: utaratibu gani huo, ulioanza kwa mauaji? Ni kweli, damu ilimwagika mwanzoni na ikaendelea kumwagika katikati. Sidai kwamba walikuwa malaika. Ninachosema ni kwamba kila mmoja alijua atapigana na nani na kwa ajili ya nini, na kwamba aliyeshindwa hakuwa na sababu ya kuiteketeza nyumba nzima, kwa kuwa zamu yake au ya mwanawe ilikuwa inakuja. Aliye juu mngoje chini. Jiografia nayo ilisaidia. Ailech iko mbali kaskazini na Mide iko katikati ya kisiwa, baina yao kuna milima na maziwa na watu wa Airgialla, na hakuna upande uliokuwa na nguvu ya kuumeza mwingine na kubaki hapo. Ukienda kumpiga, unakusanya mateka na ng'ombe, unarudi kwenu kabla ya mavuno.

Na waliolewa humohumo. Mfano mmoja unatosha. Máel Sechnaill wa Clann Cholmáin, aliyetawala kuanzia 846, miaka yake ya mwisho aliipitisha akipambana na Áed Findliath wa Cenél nEógain, ambaye hakuona haya kuwachukua Wavaikingi wa Dublin wamsaidie. Máel Sechnaill akafa mwaka 862. Áed akashika kiti, tena akamwoa mjane, Land, binti wa mfalme wa Osraige. Mwana wa Land na marehemu, Flann Sinna, akawa mtoto wa kambo wa adui wa baba yake, akangoja miaka kumi na saba, akarithi mwaka 879. Flann akatawala mpaka 916, akamwoza binti yake Gormlaith kwa Niall Glúndub, mwana wa huyo huyo Áed. Mwaka 915 wana wa Flann wa kuwazaa mwenyewe walipomwasi mzee wao, nani aliyekuja na jeshi kuwalazimisha waape kumtii baba yao? Niall, mkwe, mtu wa mlango wa pili, mrithi mtarajiwa. Alikuwa analinda foleni. Mfalme akipinduliwa na wanawe leo, zamu ya Niall ingekuwa nini kesho? Mwaka uliofuata Flann alikufa na Niall akakaa.

Wavaikingi nawapitia haraka, kwa sababu wamekwisha kupewa nafasi kubwa kuliko stahili yao. Walifika mwaka 795 wakipora monasteri, wakajenga kambi Dublin mwaka 841, na katika kizazi kimoja wakawa kete nyingine kwenye bao la Waayalandi, wa kukodiwa, kuozwa na kuzamishwa. Máel Sechnaill alimzamisha kiongozi wao Turgéis ziwani mwaka 845. Miaka sita baadaye akamzamisha Mwayalandi mwenzake, na kifo hicho cha pili kina mafunzo zaidi.

Cináed mac Conaing alikuwa mfalme wa Brega ya kaskazini, wa mlango wa Síl nÁedo Sláine uliokuwa umesukumwa nje ya zamu. Mwaka 850 aliasi, akajiunga na Wavaikingi, akaipora nchi ya Uí Néill kutoka mto Shannon mpaka baharini, akakivunja kisiwa cha Loch Gabor, makao ya Tigernach, binamu yake wa Brega ya kusini, na kulichoma kanisa la Treóit likiwa na watu ndani. Mwaka uliofuata alikuja kwenye mazungumzo akiwa na dhamana ya wakuu wa nchi na ya abati wa Armagh, mrithi wa Mtakatifu Patriki. Máel Sechnaill na Tigernach walimkamata wakamzamisha mtoni. Watawa wameandika kwamba kilikuwa kifo cha kikatili, na wakaitaja dhamana iliyovunjwa.

Dhamana ndiyo iliyokuwa dola ya nchi isiyo na dola. Hapakuwa na askari polisi wala mahakama yenye nguvu ya kumkamata mtu. Kila mapatano, kuanzia mkopo wa ng'ombe mpaka amani ya wafalme wawili, yalisimama juu ya wadhamini waliotia heshima zao rehani, na juu ya mateka wa kiungwana, kwa kawaida wana wa wakubwa, walioishi kwa aliyewashikilia. Sheria moja ya kale inasema si mfalme yule asiye na mateka katika pingu. Utawala wa mfalme mkuu ulikuwa huo tu: nani amempa mateka mwaka huu. Mwaka 851 Máel Sechnaill aliivunja dhamana na hakuna lililompata. Weka jambo hilo akilini.

Na wasio Uí Néill je? Munster ilikuwa na ukoo wake mkubwa, Eóganachta, wenye mwamba wao wa Cashel, na kwa karne kadhaa haukuona sababu ya kupiga goti kwa mtu wa Tara. Wakati mwingine ulijaribu kumpindua. Feidlimid mac Crimthainn alikuwa mfalme na mtu wa kanisa kwa pamoja, mchamungu anayechoma monasteri. Clonmacnoise aliichoma mpaka mlangoni mwa kanisa, akapiga kambi Tara mwaka 840, kisha mwaka 841 akapigwa na Niall Caille, mfalme wa Tara, na safari ikaishia hapo. Cormac mac Cuilennáin, askofu na mfalme, msomi ambaye kamusi ya maneno magumu inabeba jina lake, alikwenda vitani Belach Mugna mwaka 908 akakatwa kichwa. Masimulizi yanasema kichwa kilipopelekwa kwa Flann Sinna, Flann alikibusu na kuwakemea waliokikata. Huenda ni chumvi, lakini chumvi inayotuonyesha jinsi mshindi alivyotarajiwa kuwa.

Basi katika pengo lililoachwa na Eóganachta waliochoka ndipo wanapoinuka Dál Cais, watu wa kando ya mto Shannon, wadogo kiasi kwamba vitabu vya awali vinawahesabu miongoni mwa Déisi, jamii za kulipa kodi. Nguvu ilipoongezeka, nasaba ikarekebishwa: ikagundulika kwamba babu yao Cormac Cas alikuwa ndugu wa babu wa Eóganachta. Wanazuoni wa nasaba hawakukosa chakula mwaka huo. Mathgamain wa Dál Cais aliutwaa ufalme wa Cashel, akauawa mwaka 976, na mdogo wake Brian akalipiza kisasi na kuanza kupanda.

Brian hakuwa mjinga wa vita wala wa siasa. Alitumia mto Shannon kama barabara, akajaza mashua, akatokea mahali ambapo hakutarajiwa. Mwaka 997 Máel Sechnaill wa pili, wa Clann Cholmáin, aliyekuwa amewavunja Wavaikingi wa Dublin kwenye vita vya Tara mwaka 980, alikubali kugawana naye kisiwa: kaskazini ya Máel Sechnaill, kusini ya Brian. Mwaka 999 Brian aliwapiga Leinster na Dublin pale Glenn Máma. Mwaka 1000 akatuma wapanda farasi kuelekea Tara wakafyekwa. Mwaka 1002 akaja tena na jeshi mpaka Athlone, na Máel Sechnaill akatoa mateka bila vita. Cenél nEógain, wenye zamu iliyofuata, walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe na hawakumsaidia mwenzao. Kwa hilo walilipa, kwani kutoka siku hiyo zamu yao haikuja.

Mwaka 1005 Brian alikwenda Armagh, akaweka wakia 20 za dhahabu juu ya altare. Mtu wake wa kalamu akafungua kitabu kitakatifu cha kanisa hilo, chenye umri wa karibu miaka 200 wakati ule, na mahali palipokuwa wazi akaandika kwa Kilatini kwamba ameandika haya mbele ya macho ya Brian, kaisari wa Waayalandi. Kitabu kipo mpaka leo katika maktaba ya Trinity College, Dublin, na maandishi yanasomeka. Kinachosahaulika ni sentensi zinazotangulia: zinathibitisha haki ya Armagh kukusanya sadaka na mapato ya makanisa ya nchi. Wewe nipe ukaisari, mimi nikupe mapato. Nimeona watu wakilia machozi ya uzalendo kwa ajili ya mistari hii, na mimi naona stakabadhi.

Kuna jambo jingine ambalo wasifu wa Brian hulipitia mbiombio. Cenél Conaill hawakumpa mateka mpaka mwaka 1011. Mwaka 1013 Leinster na Dublin walikuwa wameasi. Kwa hiyo "umoja wa Ayalandi" ulidumu miaka miwili hivi, huku mzee wa zaidi ya miaka 70 akizunguka kisiwa na jeshi kukusanya watoto wa watu. Na Clontarf yenyewe, ile siku ambayo Waayalandi eti waliwafukuza Wavaikingi, ilikuwa ugomvi wa wakwe. Upande mmoja Brian na watu wa Munster. Upande wa pili Máel Mórda, mfalme wa Leinster, Mwayalandi mtupu, na mpwa wake Sitric wa Dublin, pamoja na wageni waliotoka Orkney na kwingineko. Mama yake Sitric, Gormlaith, dada wa Máel Mórda, alikuwa amewahi kuolewa na Brian. Mke wa Sitric, Sláine, alikuwa binti wa Brian. Wafalme wa kaskazini walibaki makwao. Jua lilipozama Brian, mwanawe Murchad na mjukuu wake Tairdelbach walikuwa wamekufa, Máel Mórda amekufa, na Sitric, aliyebaki ndani ya ngome ya mji, akaendelea kuwa mfalme wa Dublin miaka zaidi ya ishirini.

Máel Sechnaill alirudi kwenye kiti chake kana kwamba ametoka safarini, akatawala mpaka alipokufa mwaka 1022. Mwaka mmoja baadaye Donnchad, mwana wa Brian, alipanga mauaji ya ndugu yake Tadc. Lakini kilichoharibika hakikuweza kurudishwa. Kwa vizazi vingi mtu wa Connacht au Leinster hakuwaza kudai Tara, kama ambavyo mtu asiyezaliwa kwenye mlango fulani hafikirii kuingia kwenye shamba lisilo la kwao. Brian alionyesha kwamba kuzaliwa si lazima. Unahitaji mashua, wapanda farasi na mwandishi mmoja. Somo hilo lilieleweka mara moja na kila mtu. Leinster wakajaribu, wajukuu wa Brian wakajaribu, Cenél nEógain wakajaribu kwa mlango mpya wa Mac Lochlainn, Connacht wakajaribu. Wanasheria wakalazimika kutunga msamiati mpya: rí co fressabra, mfalme mwenye upinzani.

Ili nisimwonee Brian, nakiri kwamba mchezo huo mpya ulizaa nguvu ambazo Uí Néill hawakuwa nazo. Toirdelbach Ua Conchobair wa Connacht, aliyetawala miaka 50 mpaka 1156, alijenga madaraja na ngome, akaweka meli za vita mtoni, na mwaka 1118 aliikata Munster vipande viwili kama anayegawa mkate ili isimsumbue tena. Mfalme wa karne ya 8 asingeota kuigawa nchi ya mwenzake; angechukua ng'ombe na kwenda zake. Lakini dau lilipopanda hivyo, kushindwa nako kukabadilika. Zamani aliyeshindwa alingoja zamu. Sasa aliyeshindwa alinyang'anywa jimbo.

Mwaka 1166 Muirchertach Mac Lochlainn, mfalme mwenye nguvu kuliko wote, alimtoboa macho Eochaid, mfalme wa Ulaid, aliyekuwa chini ya dhamana ya mrithi wa Patriki na ya Donnchad Ua Cerbaill, mfalme wa Airgialla. Ni kosa lilelile la mwaka 851, karibu neno kwa neno. Tofauti ni kwamba mara hii Ua Cerbaill aliinuka kutetea heshima aliyokuwa ameitia rehani, na alipoinuka, kulikuwa na Ruaidrí Ua Conchobair wa Connacht anayengoja mwanya, bila zamu yoyote ya kuheshimu. Washirika wa Mac Lochlainn wakayeyuka, akauawa mwaka huohuo akiwa na watu wachache. Kuanguka kwake kulimwacha uchi mshirika wake wa kusini, Diarmait Mac Murchada wa Leinster. Watu wanapenda kusimulia kwamba Diarmait alifukuzwa kwa sababu mwaka 1152 alimchukua mke wa Tigernán Ua Ruairc. Ugomvi huo ulikuwapo, lakini ulikaa miaka kumi na nne bila kumfukuza mtu. Kilichomfukuza ni kukosa mlinzi, na katika nchi isiyo na foleni tena, mfalme aliyepoteza jimbo hakuwa na cha kungojea. Mwezi Agosti alipanda meli kwenda kumtafuta Henry II, mfalme wa Uingereza.

Mengine yanajulikana: mashujaa wa Kinormani, watu wa Henry, wakashuka ghuba ya Bannow mwaka 1169, na Henry mwenyewe akatua Waterford mwaka 1171, akihofia zaidi watumishi wake waliokuwa wananenepa kuliko Waayalandi. Mwaka 1175 wajumbe wa Ruaidrí walitia mkono mkataba Windsor. Ruaidrí angebaki mfalme juu ya sehemu zisizotwaliwa na Wanormani, na kwa kila wanyama kumi waliochinjwa, ngozi moja ingekwenda kwa mfalme wa Uingereza. Kisha kuna kifungu kinachoeleweka na yeyote aliyewahi kuishi chini ya kilima cha Tara: Ruaidrí atachukua mateka kutoka kwa wote walio chini yake, na yeye mwenyewe atampa Henry mateka.